Daftari la Tumbo

Daftari hili nililinunua Wete
kwa ajili ya alama za darasa la saba.
Sasa linanisahihisha mimi.

Jumatatu: mkate wa mofa, maharage ya nazi, chai.
Saa nne na robo, katikati ya somo la sehemu,
tumbo likapiga mbiu.
Watoto wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika.
Nikaiacha tatu juu ya nane ubaoni,
nikavuka uwanja kwa mwendo wa mtu asiye na haraka,
mwendo mgumu kuliko yote niliyojifunza.

Miaka sita.
Mara lifunge siku tatu, kama duka la wafiwa,
mara lifungue milango yote kwa pamoja.
Shangazi Mize akasema ni kijicho.
Nikanywa kombe, zafarani ikielea sahanini,
nikafukizwa ubani, nikachinjiwa kuku mwekundu,
na kuku yule, astaghfirullah, nilimla
pamoja na vitunguu vyake vyote.
Usiku ule sikulala.

Daktari Zuwena alinibonyeza, akapima damu,
akapima na kile nilichomletea kikoponi huku nikitazama ukuta.
"Hakuna kidonda," akasema. "Hakuna mdudu.
Utumbo wako mzima, ila una hasira."
Nikacheka, kisha nikataka kulia:
kwa mara ya kwanza mtu alinisadiki.

Akasema, kula nyuzinyuzi.
Nikatia bidii ya mwalimu:
pumba za ngano kijiko juu ya kijiko,
kunde, kabichi mbichi,
mpaka shati likakataa vifungo.

Mama alikuwa uani kwake, Mtambwe, kapakata usumba,
mikono inasokota bila ya yeye kuitazama.
Alinisikiliza hadi mwisho. Akanitupia kumbi la nazi ya jana.
"Vuta."
Likanichoma vidole.
Akanipa jingine, lililolala topeni miezi sita.
Likaja lenyewe, laini, kama nywele za mtoto.
"Zote nyuzi," akasema. "Wewe umekula zipi?"

Nilipomsimulia, Zuwena aliweka kalamu chini.
"Mama yako kasomea wapi?"
Kisha akanieleza pole pole:
ziko zinazolainika majini zikawa ute,
bamia, papai bivu, kiazi kitamu, uji wa shayiri;
na ziko zinazopita zikikwaruza.
Anza kidogo. Kunywa maji. Andika.

Basi naandika.
Bamia: amani.
Kitunguu: adui mwenye harufu ya nyumbani.
Mseto wa choroko: nusu kikombe, ukizidi ni ugomvi.
Fenesi: usijaribu tena. (Nimeyaandika haya mara tatu.)
Siku ya mkaguzi: wali mtupu, na bado.
Chini yake, kwa wino mwekundu: si chakula peke yake.

Iliyobaki ni shughuli.
Harusini Konde sinia likatua, watu sita, biriani inatoa moshi,
na mimi nachambua wali wa pembeni
kama kuku anayeogopa mwewe.
"Mwalimu, mbona huli?"
Kisiwani kwetu, asiyekula cha watu
amesema jambo bila kufungua mdomo.
Niliona uso wa mwenye sinia ukikunjika.
Ikabidi niufungue.
Nikasema, mbele ya wanaume watano na bakuli la achari:
"Nina tumbo lenye hasira. Rojo hii ikiingia, sitafika Wete."

Kimya. Mmoja akakohoa.
Kisha Faki Shaame, mpanda mikarafuu, shingo kama gogo,
akanisogelea mpaka kofia zetu zikagusana:
"Hebu niambie. Vitunguu vinakufanyaje?"

Asubuhi yake nikapita dukani,
nikanunua daftari la kurasa arobaini na nane.
Juu ya ukurasa wa kwanza nikamwandikia
Jumatatu,
nikamwachia nafasi.