Kazi: ..............

Bwana Hebblethwaite wa benki, Sheffield, mvua dirishani,
kalamu imemkwama kwenye nukta za "Kazi".
Naanguka, namwambia.
Anangoja niendelee.

Napanda ukuta wa mita nne na nusu, bila kamba,
dakika nne kwa kila fumbo.
Mpanda ngazi hushuka, walisema;
mimi hata ngazi sikupewa,
nilipewa vishikio viwili, kimoja cha uongo,
na saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma.
Kabla ya hapo hutufungia chumbani, simu wamechukua,
tunausikia umati ukiguna
tukikisia nani kadondoka.

Mshahara?
Viatu, jozi sita kwa mwaka, vinabana kama deni.
Mwaka juzi medali ya shaba, na hundi
iliyotosha nauli ya kurudi.
Jumamosi nafundisha watoto kwenye ghala lililokuwa la visu.
Usiku napiga msasa ncha za vidole,
ndiyo maana mashine yenu pale mlangoni imenikana.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Changu cha pete, mkono wa kushoto,
kilipolia ta! mwezi Machi
kilivunja msimu mzima.

Haangalii fomu tena, anaangalia mikono.
"Mama alikuwa aking'arisha vijiko kiwandani," anasema,
"alikuwa na vidole hivi hivi."
Kisha anaandika, taratibu:
Fundi.

Sikumsahihisha.

Mkopo walininyima, lakini.
Barua ilifika Alhamisi, nikiwa ukutani,
nikaifungua kwa meno.