Ratili Mia na Thelathini

Wote tulijua stelingi hafi.
Kwa hiyo ukumbi mzima wa Kanji, pale Lindi,
ulitafuna karanga kwa raha
ndege ya mabawa mawili ilipofuka moshi,
ikapita chini ya daraja tumbo juu,
ikaenda kuvunja ghala la nyasi.
Sisi wa viti vya mbele, vya senti hamsini,
tulipiga miluzi mpaka bati likaitika.

Mjomba Likwata peke yake alinyamaza.
Kofia ameivua, ameiweka gotini
kama mtu aliyekaa matangani.

"Tazama uso," akaninong'oneza.
Uso ulikuwa umejaa pazia lote:
meno, nywele za mawimbi, skafu inapepea.
"Umeona oili hapo?"
Sikuona.
"Basi huyo hajaruka. Kakaa bandani anapulizwa na feni,
mawingu yanavutwa nyuma yake kwa kamba.
Ngoja sasa."

Picha ikageuka: ndege iko mbali, ndogo kama panzi,
ndani yake kichwa, doa tu jeusi,
skafu imefungwa upande wa kushoto.
"Huyo," alisema. "Huyo ndiye."

Alikuwa na haki ya kusema.
Miaka ile ya karanga, Nachingwea,
Wazungu walipofyeka pori kwa matrekta
na ardhi ikawakatalia,
mjomba alizungusha mapanga ya ndege kwa mikono
akaruka nyuma kabla injini haijakohoa.
Nantanga alichelewa mara moja,
akaacha pale vidole viwili.
Mjomba ndiye aliyefuta miwani ya marubani.
Oili ile, alisema, haitoki kwa sabuni moja.

Siku hiyo rubani alitaka uzito kiti cha nyuma
apate kujaribu kubinuka.
Magunia ya mchanga yalikuwa mbali,
mjomba alikuwa karibu.
Wakampima kwenye mizani ya karanga,
wakamfunga mikanda.
Akakiona kilima cha Ilulu kinaning'inia kama popo
na mbingu imelala chini ya viatu vyake.
Waliposhuka alitapika, akacheka, akatapika tena.

Kitabuni waliandika jina la rubani,
saa, upepo,
na chini yake:
mzigo, ratili mia na thelathini.

Alijua kusoma. Hilo hawakulijua.

Karanga zikafa. Ndege mbovu zikakatwa kwa misumeno,
mabati yake mepesi yakauzwa kwa mafungu,
na mjomba akawa mfua masufuria.
La kwetu lilitoka bawa la kushoto.
Mpaka leo kitako chake kina mstari wa ribiti,
mihogo hushika hapo, huungua,
na bibi Somoe humlaani rubani asiyemjua.

Majina ya wacheza filamu yalipita mwanzoni,
watu bado wanagombea viti.
Kwa hiyo Jumapili tulirudi, tukaingia wa kwanza.
Mjomba aliyasoma yote, kidole hewani,
herufi kwa herufi:
mshona nguo, mpakaji poda, mpiga kinanda,
hata mwenye mbwa.
Doa jeusi halikuwemo.

Hakungoja ghala livunjike mara ya pili.
Alivaa kofia tukatoka,
tukikanyaga maganda.

"Huenda kaandikwa kwingine," nilimwambia.

"Kaandikwa," alisema. "Kwenye mizani."

Barabara ya Ndoro ilikuwa tupu, jua kali.
Mjomba alitembea kimya hadi penye kona,
pale akashusha bega moja,
mkono mmoja chini, mwingine juu,
akaikata kona kwa ubavu
taratibu, mzee mzima, mbele ya duka la mafuta ya taa.

Nami nikainama upande ule ule, nyuma yake,
nikiwa uzito.