Sampuli

Pasipoti ya Ndeshau ilipanda basi la alfajiri
ndani ya bahasha ya kaki, kwenda Dar,
na barua ya mwaliko, na karatasi za benki
za miezi sita, Aprili ikiwa imekonda.

Picha ikarudi: masikio hayaonekani.
Akaenda tena kwa Lyatuu, nyuma ya stendi ya Moshi,
akavua kilemba, akakaza uso.

"Utarudi?" wakamwuliza kwa simu.
Akawaza deni la mbolea,
miche mipya kule Kibosho, mama na goti lake.
"Nitarudi."
"Subiri."

Jana wamempigia kutoka Hamburg:
kahawa imefika, tumeionja, tuletee nyingine.
Kilo mbili, mfuko wa kitambaa,
zimevuka hivi hivi,
bila hata sikio moja.