Kidole cha Nne

Mwaka wa pili chuoni, mwalimu Mihambo
alinishika kidole cha nne, mkono wa kushoto,
akakipinda kama anayejaribu kitasa:
"Hiki kimelala. Kiamshe."

Likizo nikarudi Urambo, fidla mgongoni.
Mchana nilifunga tumbaku na mama:
jani, jani, jani, uzi,
gundi ikanasa hadi kwenye kucha.
Usiku niliingia kwenye bani, tanuri limepoa,
nikapanda ngazi ile ile ya sauti
mara arobaini, mara hamsini,
na kila nikikaribia juu kidole kikachelewa.

Mama akaja na koroboi.
"Kalunde, ndiyo digrii yenyewe hiyo?"
Ndiyo, mama.
Akakaa juu ya gunia. Ada hakuitaja.
Alisikiliza vile anavyosimama kwenye marobota yake
karani akisoma mizani.

Nilipofika juu akanyanyua mkono.
"Hapo. Umepunja."

Hajui do wala re.
Ila amepunjwa misimu thelathini,
anaijua sauti yake.

Nikarudia.
"Bado," akasema,
akaisogeza taa karibu na vidole vyangu.