Meza Yenye Tundu

Seremala Anzori alicheka hadi akakaa juu ya gogo:
"Tundu katikati ya meza? Khatuna, sasa unauza vyoo?"
Nikamchorea kwa penseli, juu ya kipande cha ubao,
mwanamke wa miezi minane amelala kifudifudi,
tumbo limezama ndani ya tundu kama boga kapuni.
Akanyamaza. Akavua kofia.
"Marehemu mke wangu," akasema, "alilalia ubavu mmoja
miezi mitano, akiutazama ukuta."
Akapunguza lari ishirini,
na tundu akalizungushia ngozi ya kondoo.

Chumba kilikuwa cha fundi viatu.
Nimekisugua kwa siki, kwa sabuni, kwa magoti yangu;
mvua ikinyesha, harufu ya gundi bado inachungulia.
Dirisha ni moja. Chini yake Mto Rioni unapita
mweupe, kama maji yaliyooshewa mchele.
Kodi lari mia tatu na hamsini, kila tarehe tano,
na Bwana Gogita hajui neno kesho.

Mtaji wangu ni mikono.
Mama aliwakanda wageni katika mabafu ya Tskaltubo,
mabaharia, wachimba makaa, wakubwa wa chama,
mpaka mabafu yakafungwa, majani yakaota kati ya vigae.
Aliniachia taulo arobaini na wosia mmoja:
Usianzie panapouma. Anzia kwa jirani yake.

Mlangoni nimeandika kwa chaki, herufi zikipanda mlima:
Mgongo, thelathini.
Miguu iliyovimba, ishirini.
Kujifunza kupumua, Jumanne, kumi.

Siku kumi na moja.
Aliingia mzee kuulizia kiatu alichokileta kabla ya mwaka mpya.
Aliingia paka mwenye mimba; nikamhesabu.
Dada yangu Lamara akapiga simu kutoka Batumi:
"Nani atalipa akandwe? Mimba si ugonjwa."
Si ugonjwa, nikamwambia,
ndiyo maana hakuna anayeuliza hali.
Usiku nikapiga hesabu nyuma ya bili ya umeme.
Haba na haba, sawa,
lakini haba ya kwanza iko wapi?

Siku ya kumi na mbili mlango ukasukumwa kwa bega.
Eteri, wa tanuri la mikate, mtaa wa pili,
unga kwenye nyusi, mvua kwenye unga.
Tangu saa kumi ya alfajiri anakanda,
na yeye hakuna anayemkanda.
Bei hakuzisoma.
"Hiyo meza," akauliza, "mtu akilala tu, ni kiasi gani?"

Sikuwa na bei ya kulala.
Nikamshika kiwiko, akapanda,
tumbo likashuka polepole, ngozi ya kondoo ikalipokea,
naye akatoa sauti, si kilio, si shukrani,
sauti ya mtu anayetua ndoo
aliyojitwika tangu kiangazi.
Nikaweka kiganja kiunoni, kwa jirani.
Sikuwahi kukanda. Alikuwa anakoroma.

Nikainama kuokota taulo, nikaona kule chini,
kisigino, au kiwiko, sijui,
kikipita ndani ya gauni toka kushoto kwenda kulia
bila haraka, kama mpangaji anayehamisha kabati.
Nikamnong'oneza: Na wewe kodi yako ni tarehe ngapi?

Aliamka na mistari ya taulo shavuni.
Akaacha lari saba, mikate miwili iliyopoa,
akasema wifi yake atakuja Alhamisi,
na yule wa duka la dawa, yule asiyecheka.
"Nitawaambia kuna tundu," akasema,
"wataelewa."

Nikachukua chaki. Chini ya miguu iliyovimba nikaandika
Kulala,
na mbele yake nikaacha wazi.
Nikasimama hapo kitambo, mkate mkononi.
Kisha nikakumbuka keshokutwa ni tarehe tano.
Nikaandika kumi.