Daraja

Saa tatu asubuhi, Arua, chumba nambari sita,
Daktari Andama ananipima kama fundi apimavyo mlango.
Tazama juu, usipepese.
Natazama dari. Kuna mjusi, kuna doa la mvua ya juzi.
Anahesabu sekunde; kope yangu ya kushoto
inashuka, pazia lililong'oka msumari.

Nyosha mikono. Nanyosha.
Hesabu kwa sauti hadi hamsini.
Moja, mbili... hata arobaini niko sawa.
Arobaini na tatu sauti inahamia puani,
redio ya betri zilizochoka.
Kunywa nusu kikombe. Napaliwa, kidogo tu.
Anaandika: miasthenia, daraja la pili. Udhaifu mdogo.

Mdogo!
Ananifafanulia, kidole juu ya karatasi:
la kwanza ni macho peke yake,
la tano ni mpira kooni
na mashine ikivuta pumzi kwa niaba yako.
"Shukuru, Ezaru. Bado uko chini ya ngazi."

Nashukuru. Lakini daktari, umenipima nimetoka kulala,
na ugonjwa huu hauamki mapema.
Njoo saluni saa kumi, kichwa cha tatu,
unikute nimeshika taya kwa kiganja
nimalize kutafuna muhogo,
na mteja kwenye kioo ananiuliza mbona nimenuna,
kumbe nacheka,
shavu ndilo limekataa.

Akanyamaza.
Pembeni alisimama mwanafunzi wake, Driciru,
nywele timutimu chini ya kitambaa.
Nikamvutia kiti. Kaa, mwanangu.
Mimi nina mizani yangu.

Mstari wa kwanza, mwembamba kama uzi.
Wa pili.
Wa tatu nikaomba anishikie kichana.
Wa tano vidole vilikuwa vya mtu mwingine.
Wa sita viwiko vikaanguka mabegani pake,
shingo yangu ikavifuata,
paji la uso likatua juu ya kazi yangu mwenyewe,
nikanusa mafuta ya nazi.

Foleni ya nje ikakohoa.
Andama akafuta mbili, akaandika tatu,
na kando yake, kwa herufi ndogo,
kitu ambacho fomu haikukiuliza:
saa.

Ijumaa ile Driciru alizunguka wodi zote
nusu ya kichwa mistari, nusu kichaka,
na kila aliyemcheka alijibiwa,
"Subiri. Fundi anapumzika."