Tarehe ya Kuanza

Karatasi yenye muhuri wa buluu ilishuka Jumanne,
haikuwa yangu, ilikuwa ya jirani wa bondeni:
mpishi wake wa zamani amemshitaki,
na yeye hana hata kipande cha mkataba
cha kumwonyesha hakimu.
Wiki nzima Kadutu ilizungumzia tanuri lake,
limepigwa lakiri, limepoa, paka analala juu yake.

Usiku huo nikahesabu wangu.
Wakandaji saba, wabebaji wawili, mmoja wa moto.
Wote niliwaajiri kwa mdomo,
kwa "karibu, vua viatu, nawa mikono,"
kwa "hapa sisi jamaa moja,"
neno tamu
ambalo halijawahi kumlipia mtu hospitali.

Murhula, mtoto wa kaka yangu, mwanasheria,
alipanda ngazi zetu mia na kumi akihema,
akaketi juu ya gunia, suti yake ikawa nyeupe matakoni.
Shangazi, akasema, maneno ni unga,
upepo mmoja tu.
Andika jina kamili, kazi, mshahara, saa,
siku za mapumziko, nani atalipa mtu akiungua.
Bima inalipiwa kabla ya kidonda.

Nikanunua daftari la jalada gumu.
Nikamwita wa moto kwanza.
"Jina kamili?"
Akacheka, akadhani ni mzaha.
Miaka kumi na mmoja namwita Moto,
wateja Moto, wanangu Baba Moto.
Mkono wake wa kulia hauna unyoya hadi kiwiko,
na nikiwa chumbani, kwa mlio wa koleo lake tu,
najua kama kuni ni mbichi.
Zihindula Cirhuza, akasema.
Nililiandika polepole, kama jina la mgeni
aliyekuja kuulizia chumba.

"Wa kuarifiwa ukipata ajali?"
Akatazama mlango.
"Andika wewe."

Kisha ule mstari: tarehe ya kuanza kazi.
Murhula alikuwa ameninong'oneza ngazini: weka ya leo.
Hana karatasi ya kukupinga.
Ukiweka ya kweli, siku mkiachana
miaka yote itakudai kwa pamoja,
na michango ya nyuma, na faini yake.
Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwa mikate.
Ilikuwa mikate mingi. Ilikuwa bati la paa,
na ada ya shule ya wawili.

Saa tatu umeme ukakatika, desturi yake.
Tukabaki na mdomo wa tanuri,
mwekundu, ukitupa vivuli vyetu ukutani
virefu kuliko sisi.
Akaanza kusema, taratibu, akidhani nimesahau:
"Ni ile wiki uliyomzaa Mugisho.
Ulilala hospitali siku nne.
Mvua ilikuwa imekula barabara,
unga tukauleta kichwani kutoka kando ya ziwa.
Mkate haukukosekana hata asubuhi moja."

Sikuwa nimesahau.
Tangu jioni nilikuwa nikiomba
asahau yeye.

"Tarehe ngapi?"
"Tarehe sijui, Mama. Hesabu umri wa mtoto."

Nikahesabu. Nikaandika.
Kalamu ilisita kwenye tarakimu ya mwisho,
wino ukaacha doa,
Murhula ataliona na kuguna.
Zihindula akabonyeza kidole gumba,
unga ukashika kwenye alama,
nikaupuliza, haukutoka.
Nakala yake akaikunja mara nne
akaificha ndani ya kofia,
maana shati lake la kazi halina mfuko,
na katika miaka yote hiyo
mshonaji wa mashati hayo nilimlipa mimi.

Wamebaki tisa.
Anayefuata tunamwita Kidogo,
ana wajukuu.
Nikafungua ukurasa, nikamwita aingie,
nikaona aibu
kabla sijauliza.